Kabla ya dawa, mgonjwa anahitaji kusikilizwa

TUCHUKUE mfano wa mzee mwenye umri wa miaka 61, mkazi wa mojawapo ya miji yetu mikubwa, anayeugua kisukari na shinikizo la damu. Alfajiri amepanda daladala kwenda kliniki, amekaa kwenye foleni tangu saa 12 asubuhi, na ni saa tano kasoro ndipo jina lake linapoitwa aingie katika chumba cha daktari.

Daktari hainui uso. Anapokea daftari la mgonjwa, anauliza, "Unaumwa nini?", na kabla mzee hajamaliza sentensi ya pili anaulizwa iwapo dawa anazitumia. Anajibu kwamba anazitumia. Anapimwa presha, kipimo kinaonyesha iko juu, anaongezewa dawa nyingine na kuelekezwa dirisha la dawa. Mazungumzo yote hayakufika dakika tatu.

Jambo alilokuwa nalo moyoni mzee yule halikusemwa. Miezi miwili kabla ya siku hiyo aliacha kumeza vidonge vya presha, kwa kuwa aliamini ndivyo vilivyomwondolea nguvu za kiume. Aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya daktari aliye rika la mwanawe, tena mlango ukiwa wazi na foleni yote ikisikia. Vidonge vipya alivyopewa navyo vitabaki kabatini.

Mzee huyu ni wa kubuni, lakini ni nadra kumpata daktari au muuguzi ambaye hajawahi kukutana na mtu wa aina yake. Na hatari inayomkabili si ya kubuni hata kidogo, kwani shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kiharusi.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba msaada ulikuwa chumbani humo humo. Kisukari chenyewe kinaweza kupunguza nguvu za kiume, na pale dawa fulani ya presha inaposhukiwa kuchangia, mara nyingi daktari anaweza kuibadilisha kwa nyingine. Kilichokosekana ni mazingira ya kumwezesha mgonjwa kufungua kinywa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake. Makala haya yanaangalia upande wa pili: ni mambo gani humfanya mgonjwa afiche, na mhudumu wa afya anaweza kufanya nini ili asifiche.

Maelewano yanayozungumzwa hapa

Maelewano kati ya mgonjwa na mhudumu wa afya ni ile hali ya kuaminiana inayomwezesha mgonjwa kusema ukweli wake wote bila woga, na kumwezesha mhudumu kuutumia ukweli huo kuamua tiba. Hayana maana ya urafiki wa kutembeleana wala mazoea ya kutaniana.

Umuhimu wake unatokana na jinsi kazi ya udaktari inavyofanyika. Pamoja na maendeleo yote ya maabara, eksirei na mashine za kisasa, sehemu kubwa ya utambuzi wa maradhi bado huanzia kwenye maelezo ya mgonjwa. Maelezo ndiyo yanayomwongoza daktari kujua apime nini na aache nini. Yakikatwa katikati, vipimo navyo hufuata njia isiyo sahihi.

Aidha, tiba nyingi za siku hizi hukamilikia nyumbani. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi isiyopungua sita katika matibabu ya kawaida, na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kisukari na presha mara nyingi ni za maisha yote. Daktari hawezi kuzilinda dawa hizo zote zimezwe. Kinachobaki kumlinda mgonjwa ni kile alichokielewa na kukiamini alipotoka chumbani.

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba hata katika nchi zilizoendelea, wagonjwa wanaofuata ipasavyo matibabu ya muda mrefu ni wastani wa asilimia 50 tu. Shirika hilo lilitahadharisha kuwa katika nchi zinazoendelea hali ni mbaya zaidi.

Hoja hii si ngeni katika taaluma yenyewe. Mwaka 1957 Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi London, alichapisha kitabu kilichotokana na majadiliano yake na madaktari wa kawaida wa mitaani. Alieleza kwamba dawa inayotumika mara nyingi kuliko zote ni daktari mwenyewe, na kwamba dawa hiyo, kama zilivyo nyingine, ina dozi yake na madhara yake.

Sekunde 18 za kujieleza

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliorekodi mazungumzo ya wagonjwa na madaktari mara 74. Walibaini kuwa kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Ni katika mazungumzo 17 tu kati ya hayo 74 ambapo mgonjwa aliachwa amalize maelezo yake ya mwanzo.

Uchunguzi mwingine uliofanyika huko huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta muda huo umefikia sekunde 23 hivi. Tofauti ni ndogo mno, ukizingatia kwamba miaka 15 ilikuwa imepita.

Madaktari wengi hujitetea kwamba wakimwachia mgonjwa aseme, hatanyamaza hadi jioni. Dhana hiyo ilijaribiwa nchini Uswisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, madaktari wa kliniki ya Basel walitakiwa kumwacha mgonjwa aeleze shida yake bila kumkatiza, huku muda ukihesabiwa kwa siri.

Wagonjwa 335 walihusishwa. Kwa wastani kila mmoja alizungumza kwa sekunde 92, na asilimia 78 walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili kutimia. Ni saba tu waliozidisha dakika tano, na madaktari wao walikiri kwamba yaliyosemwa na wagonjwa hao yalikuwa na maana.

Kwa maneno mengine, kinachodhaniwa kuwa ni kupoteza muda ni dakika moja na nusu. Na mara nyingi dakika hiyo huokoa nyingine nyingi, kwani mgonjwa aliyekatizwa hulibakiza lile kubwa hadi mwisho. Wahudumu wenye uzoefu wanalifahamu neno la mlangoni: mgonjwa amekwisha kuandikiwa dawa, amesimama, ameshika kitasa, ndipo anapogeuka na kusema, "Halafu dokta, kuna kitu kingine kidogo..." Kitu hicho "kidogo" ndicho kilichomleta.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi. Mgonjwa akimaliza shida ya kwanza, aulizwe, "Kuna jingine, mama?" na aachwe ajibu, kabla kalamu haijagusa daftari.

Kiti, macho na muda

Mgonjwa hupima muda kwa namna yake. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti mdogo wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, uliohusu wagonjwa 120 waliofanyiwa upasuaji wa mgongo. Daktari alipowatembelea wodini, baadhi alizungumza nao akiwa amesimama na wengine akiwa ameketi.

Aliposimama alitumia kwa wastani dakika 1 na sekunde 28, na alipoketi alitumia dakika 1 na sekunde 4. Wagonjwa walipoulizwa, waliosimamiwa walikadiria kwamba daktari alikaa nao kwa dakika 3 na sekunde 44. Wale alioketi nao walikadiria dakika 5 na sekunde 14, ingawa kwao alitumia muda mfupi zaidi.

Anayeketi huonekana amefika. Anayesimama huonekana anapita. Hali ni hiyo hiyo kwa macho: mhudumu anayeandika muda wote, au anayekodolea skrini ya kompyuta, humfanya mgonjwa ahisi anazungumza na ukuta. Katika hospitali zilizoacha majalada na kuingia katika mifumo ya kompyuta, jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Inatosha mhudumu kusema, "Samahani mzee, naandika hili kisha nakusikiliza," halafu atimize.

Yapo pia mambo ambayo mikono husema. Mgonjwa anayelalamika tumbo na kuondoka bila tumbo lake kuguswa huamini, na pengine kwa haki, kwamba hakupimwa. Kumgusa mgonjwa kwa taratibu, baada ya kumweleza unachotaka kufanya na kupata ridhaa yake, ni sehemu ya uchunguzi na pia ni sehemu ya maelewano.

Karibu, shikamoo, pole

Mwaka 2013 daktari mmoja wa Uingereza, Kate Granger, ambaye mwenyewe alikuwa akiugua saratani isiyopona, alilazwa hospitalini na kugundua kuwa wengi waliomhudumia hawakumtajia majina yao. Kwa uzoefu wake wa kuwa daktari na mgonjwa kwa wakati mmoja, aliona kuwa hapo ndipo heshima inapoanzia au inapokosekana.

Alianzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu wa afya wajitambulishe kwa wagonjwa kwa kutaja majina yao. Kampeni hiyo ilienea katika hospitali nyingi za Uingereza na nje ya nchi hiyo. Dk. Granger alifariki dunia Julai 2016 akiwa na umri wa miaka 34.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa kwamba jambo kama hilo lilihitaji kampeni. Desturi zetu zilikwisha kutupatia vifaa vya kazi hii. "Karibu" humwambia mgonjwa kwamba hajaja kuomba fadhila. "Shikamoo" ya daktari kijana kwa bibi wa miaka 70 haimpunguzii daktari elimu yake, bali humrudishia bibi yule utu aliouacha kwenye foleni. Na "pole" ni neno ambalo lugha nyingi zinalitafuta bila kulipata: humwambia mtu kwamba maumivu yake yameonekana.

Maneno hayo matatu hayachukui hata sekunde kumi. Kwa bahati mbaya, ndiyo ya kwanza kutoweka foleni inaporefuka, na mahali pake huja "Wewe!", "Njoo hapa!" au "Si nimekwambia usubiri?"

Namna ya kumwita mgonjwa nayo ina uzito. Kuna tofauti kubwa kati ya kuitwa "mama" na kuitwa "yule wa kitanda namba nne" au "ule mguu". Mtu aliyegeuzwa namba hawezi kufungua moyo wake kwa urahisi.

Homa si homa

Kikwazo kingine ni lugha. Wauguzi na madaktari wetu husomea taaluma yao kwa Kiingereza, halafu huhudumia watu kwa Kiswahili na lugha nyinginezo. Kutafsiri maneno ni kazi moja. Kutafsiri maana ni kazi nyingine iliyo ngumu zaidi.

Neno "homa", kwa mfano, kwa daktari humaanisha joto la mwili kupanda. Kwa mgonjwa linaweza kuwa ni uchovu, maumivu ya viungo, mafua, malaria, au kutojisikia vizuri kwa ujumla. "Moyo unanienda mbio" huenda ni maradhi ya moyo, huenda ni upungufu wa damu, na huenda ni hofu ya ada ya shule. "Presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" ni maneno ambayo kila mtaa una tafsiri yake.

Mfano wenye funzo kubwa ni wa degedege. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, mkoani Pwani, walichapisha mwaka 1996 matokeo yaliyoonyesha kwamba wazazi wengi hawakuhusisha degedege la mtoto na malaria. Kwao hayo yalikuwa maradhi mawili tofauti: malaria ilikuwa ya hospitali, na degedege, lililohusishwa na mambo ya pepo, lilikuwa la mganga wa jadi.

Hebu fikiria basi muuguzi anayesimama mbele ya akina mama na kuhimiza, "Mtoto akiwa na malaria mleteni haraka." Akina mama wanaitikia kwa moyo safi. Usiku mtoto anaanza kukakamaa na kugeuza macho, na mama anampeleka kwa mganga, kwa sababu kwa ufahamu wake hiyo si malaria. Hakuna aliyedanganya wala aliyekaidi, lakini saa za kumwokoa mtoto zimepotea.

Ndiyo maana Arthur Kleinman wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa tamaduni za binadamu, pamoja na wenzake walishauri mwaka 1978 kwamba daktari amuulize mgonjwa anavyouelewa ugonjwa wake mwenyewe: anadhani umesababishwa na nini, kwa nini umeanza wakati huo, unamsumbua vipi katika maisha yake, na anaogopa nini zaidi kuhusu ugonjwa huo.

Maswali hayo hayamlazimu daktari kukubaliana na kila jibu. Humwonyesha tu pa kuanzia. Mgonjwa anayeamini amerogwa hasaidiwi kwa kuchekwa. Akichekwa ataitikia "ndiyo dokta", kisha ataenda anakojua, na daktari hatasikia habari zake tena hadi hali iwe mbaya.

Baada ya maelezo, njia bora ya kuhakikisha mgonjwa ameelewa ni kumwomba arudie kwa maneno yake. Swali la "Umeelewa?" halisaidii, kwa kuwa jibu lake siku zote ni "Ndiyo". Afadhali kusema, "Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utawaambia dawa hizi unazitumiaje?" Hapo kosa, likiwepo, linakuwa la maelezo na mgonjwa haaibiki.

Pale ambapo mgonjwa hakijui Kiswahili, ni vema mkalimani awe muuguzi au mtu mzima anayefaa. Kumtumia mjukuu amtafsirie bibi yake maradhi ya siri ni kumfungia bibi huyo mlango.

Pazia lina thamani gani?

Hakuna maelewano pasipo faragha. Chumba chenye wagonjwa watatu kwa mpigo, mlango ulioachwa wazi, au muuguzi anayetangaza majibu ya vipimo kwa sauti koridoni, hutosha kuharibu kazi yote ya kauli njema. Kwa vijana wanaotafuta huduma za uzazi na kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hofu ya kusikika ni sababu tosha ya kutorudi.

Katika hili Tanzania ina mfano wake wa kuigwa. Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, ulifanyika mradi wa utafiti ulioitwa Staha, ukishirikisha Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Ulihusu namna wanawake wanavyotendewa wanapojifungua katika vituo vya afya.

Wanawake 1,779 walihojiwa wakati wanatoka katika vituo vinane. Takriban asilimia 19 walisema walitendewa jambo la kuwavunjia heshima au la kuwanyanyasa, kama vile kufokewa, kupuuzwa, kutukanwa au kupigwa. Sehemu ya wanawake hao walipohojiwa tena wakiwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Ni dhahiri kwamba ukweli husemwa pale hofu inapokuwa mbali.

Hatua zilizofuata hazikuwa za gharama kubwa. Wananchi na wahudumu wa afya walikaa pamoja na kukubaliana juu ya mkataba wa huduma kwa mteja, unaotaja haki na wajibu wa kila upande. Hospitalini wahudumu wenyewe walijadili kasoro zao na kutafuta njia za kuzirekebisha. Miongoni mwa zilizochukuliwa ni kuweka mapazia kwenye wodi ya wazazi, kuwashauri wahudumu waliokiuka maadili, kuwauliza wagonjwa maoni yao, na hata kuwapatia chai wafanyakazi walio zamu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kutendewa visivyo ulipungua, kwa kipimo cha watafiti hao, kwa takriban theluthi mbili ikilinganishwa na eneo ambalo halikuwa na hatua hizo.

Funzo hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba tabia inaweza kubadilika bila kusubiri hospitali mpya. La pili limo katika kile kikombe cha chai: waliobuni hatua hizo walitambua kwamba anayedaiwa huruma naye ni binadamu anayechoka.

Mzigo wa mhudumu

Haitakuwa haki kumnyooshea kidole daktari au muuguzi bila kutazama mazingira yake. Ripoti ya WHO ya mwaka 2006 ilizitaja nchi 57 duniani zilizokuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, 36 kati yake zikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa katika orodha hiyo.

Muuguzi mmoja anayelinda wodi nzima usiku, akiwa na akina mama wawili wanaokaribia kujifungua kwa wakati mmoja, hawezi kulaumiwa kwa kukosa tabasamu. Daktari aliyekwisha kuona wagonjwa 50 kabla ya mchana hubakiwa na subira ndogo kwa wa 51. Kufoka kwa watumishi wengi hakutokani na roho mbaya. Hutokana na uchovu, woga wa kulaumiwa na kukosa vifaa.

Hata hivyo, upungufu hauwezi kuwa kisingizio cha kila kitu. "Pole" haihitaji bajeti. Tena, uhusiano mzuri humlinda mhudumu mwenyewe. Utafiti wa Wendy Levinson na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1997, uliwalinganisha madaktari wa huduma za msingi waliowahi kudaiwa fidia na wagonjwa na wale ambao hawakuwahi.

Wasiowahi kudaiwa walitumia wastani wa dakika 18 kwa mgonjwa dhidi ya dakika 15 za wenzao. Walimweleza mgonjwa kitakachofuata, walimwomba maoni yake, walihakikisha ameelewa na walicheka naye zaidi. Tofauti nzima ya muda ilikuwa dakika tatu.

Vyuo vinavyofundisha kada zote za afya vina nafasi kubwa hapa. Mazungumzo na mgonjwa hufundishika kama inavyofundishika kuchoma sindano: kwa kuonyeshwa, kujaribu, kusahihishwa na kurudia. Na kwa kuwa mwanafunzi huiga zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa, daktari bingwa anayemfokea mgonjwa mbele ya wanafunzi amekwisha kutoa somo.

Ni lazima pia tahadhari itolewe. Kauli tamu haiwi badala ya ujuzi, wala mgonjwa asipewe uongo ili afurahi. Mhudumu mchangamfu anayetoa dawa isiyo sahihi ni hatari kama aliye mkali. Vilevile, ukaribu una mipaka: haupaswi kuwa njia ya kudai "chai" ya aina nyingine, wala ya mahusiano yasiyofaa.

Wajibu wa mgonjwa

Maelewano hujengwa na pande mbili, na mgonjwa naye ana la kufanya. Kabla ya kuingia chumbani, ajue mambo mawili au matatu anayotaka kusema, na lile linalomtia hofu zaidi aanze nalo. Asiliache hadi mlangoni.

Abebe daftari lake, vyeti vya nyuma na dawa zote anazotumia, zikiwamo za duka la dawa na za mitishamba. Baadhi ya dawa za asili zinaweza kugongana na za hospitali, na daktari hawezi kulizuia asilolijua. Kama ameacha dawa, aseme ameacha na kwa nini.

Asipoelewa, aulize. Kuuliza si ujinga, na mgonjwa anayeuliza dawa ni ya nini, itumike kwa muda gani na ina madhara gani hamkosei daktari adabu. Akiona haya kuzungumza mbele ya watu, ana haki ya kuomba mlango ufungwe. Na akitendewa visivyo, aeleze kwa uongozi wa kituo kwa utulivu. Matusi mapokezini hayajawahi kumponya mtu, na huwaumiza wauguzi ambao hawakumkosea.

Anayemsindikiza mgonjwa ana mchango pia. Amsaidie kukumbuka, lakini asimjibie kila swali. Wapo akina mama wengi ambao shida yao hasa haiwezi kusemwa mume au mkwe akiwa kando.

Turudi kwa yule mzee wa miaka 61. Tuseme siku ile daktari angefunga mlango, akamwamkia, akampa kiti na kumwachia dakika mbili. Kisha, kwa kuwa anajua kisukari na presha humfanya nini mwanamume, angeanza yeye: "Mzee wangu, wengi wenye matatizo haya hupata shida chumbani na huona tabu kusema. Kwako hali ikoje?"

Pengine mzee angeinama kidogo, akakohoa, halafu akasema. Dawa ingebadilishwa, kisukari kingeangaliwa upya, na vidonge vingemezwa. Foleni nje ingesogea kwa kuchelewa dakika chache, na nyumba moja ingeendelea kuwa na baba anayetembea kwa miguu yake miwili.